Bei ya Kulala Peke Yako

Mjukuu wangu mmoja ameajiriwa nyumba ya wageni hapo Makambako, karibu na njia panda. Juzi alikuja kunisalimia, nikamuuliza, "Mgeni akifika mlangoni, neno la kwanza unamwambia nini?" Akajibu kwa fahari, "Ninamuuliza, uko peke yako?" Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, mwanangu, kwa Mama Gaudensia ungefukuzwa kazi kabla hujavua koti.

Kwa sababu hiyo nimeamua kuwaandikia ninyi mlioingia kazi hii ya kulaza na kulisha wasafiri. Mimi niliianza nikiwa msichana, Mwingereza akiwa bado anatawala, nikaiacha magoti yalipokataa kuinama chini ya vitanda. Sitawapangia mambo kwa mfuatano, maana na mimi mwenyewe hayaniji kwa mfuatano. Mkichoka, kapumzikeni mrudi.

Naitwa Yuditi. Kwetu ni upande wa Igwachanya, kwa Walutheri. Kiswahili nilikipata shuleni na kanisani, kwa hiyo nilipofika Makambako nilikuwa nikiongea kama ninasoma Agano Jipya. Siku yangu ya kwanza dereva mmoja wa pwani alishuka kwenye lori, akakaa, akasema, "Dada, nipe chai kavu." Nikaenda jikoni nikiwaza, nikachota majani ya chai, nikayapanga vizuri kwenye sahani, nikampelekea. Yule bwana aliyatazama. Akanitazama mimi. Akasema, "Na kisu je, au nile kwa mkono?" Jiko zima lilicheka, na dereva yule hakuniita jina langu tena mpaka anastaafu. Alikuwa akipiga honi tangu kwenye kona na kuita, "Chai Kavu, nimefika!" Sasa mnajua: chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Nilijifunza kwa gharama ya jina langu.

Aliyenifundisha kazi ni huyo Mama Gaudensia. Alikuwa Mkatoliki, amelelewa karibu na misheni huko Njombe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Kila asubuhi alipiga ishara ya msalaba juu ya buli la kwanza, kisha ananigeukia, "Haya, Mlutheri, na wewe ombea kwa namna yenu, wateja ni wa madhehebu yote." Tulikuwa hivyo. Alinigombeza sana na alinipenda sana, na mara nyingi ilikuwa vigumu kujua yuko kwenye lipi.

Alinifundisha kupika maji na kuyamwaga kwenye maungio ya kitanda, kila wiki bila kukosa, kunguni wasizae. Alinifundisha kwamba blanketi la Makambako halifuliwi mwezi wa sita wala wa saba. Ukilifua wakati huo utalala nalo bichi mpaka mwezi wa nane. Linakung'utwa, linapigwa fimbo, linaanikwa upepo, basi. Tofali unaliweka karibu na moto, ukilitoa unalifunga kwenye gunia, unalitanguliza kitandani mgeni akiwa bado anakula. Mgeni akiingia akikuta miguuni kuna joto, asubuhi atakusamehe uji ulioungua.

Lakini la kwanza kabisa alilonifundisha ni hilo la mlangoni. "Usimuulize mtu kama yuko peke yake," aliniambia. "Macho unayo, umeona yuko peke yake. Kumuuliza ni kumtangazia. Muulize, wenzako wanakuja? Kama wapo, atasema wanakuja. Kama hawapo, atasema leo nimetangulia, au wamebaki nyumbani, au atanyamaza tu. Jibu lolote analotoa litakuwa na watu ndani yake." Nimetumia swali hilo miaka yote. Wapo waliolia kwa kuulizwa hivyo, lakini hakuna aliyekasirika.

Na pale kwetu kulikuwa na sababu ya mtu kuogopa kuonekana yuko peke yake. Ngoja niwaeleze.

Mwenye hoteli alikuwa Mzee Mtewele, Mbena mwenzetu, aliyerudi kutoka vita vya Burma na mambo mawili: koti zito la jeshi lenye vifungo vya shaba, na mapenzi ya utaratibu. Alijenga nyumba ya tofali mbichi, akaezeka bati, akagawa vyumba vyenye vitanda viwili viwili, vimenyooshwa sawasawa kama kambini. Hapo mwanzo wageni wasiojuana walilala pamoja, kila mmoja akilipia kitanda chake. Siku moja wanaume wawili wasiojuana waligombania blanketi, huyu anavuta huku na yule kule, mpaka likachanika katikati, na kila mmoja akataka aondoke na nusu yake. Mzee Mtewele akatoa amri. Tangu leo, wanaolala chumba kimoja wawe ndugu. Asiye na ndugu alipie vitanda vyote viwili.

Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema msije mkamchukia. Alikuwa mtu aliyeona blanketi jipya likichanwa. Lakini angalieni jinsi amri yake ilivyoangukia watu. Mume na mke walilala kwa bei ya kawaida. Ndugu wawili manamba, vibarua wa mkataba wanaorudi kutoka mashamba ya mkonge, bei ya kawaida. Mjane, au kijana aliyefiwa anayewahi msiba, au mzee anayekwenda hospitali bila wa kumsindikiza, hao ndio waliolipa mara mbili. Aliyekuwa na upungufu wa watu ndiye aliyetozwa zaidi. Na huwezi kwenda kulala nje Makambako. Upepo wa pale mnaujua.

Mama Gaudensia hakuweza kubadili amri, kwa hiyo alipunguzia watu kwenye chai. Chai ilikuwa na bei yake, ya maziwa na ya rangi, na bei hizo zilikuwa zikipanda kila sukari ilipoadimika. Kuna wakati sukari ilikosekana kabisa madukani, tukawa tunakwangua sukari guru kwa kisu. Kwa hiyo yeye, baada ya kumimina buli la mwisho, alikuwa anatia maji ya moto kwenye majani yaleyale, anatikisa, na kile kilichotoka, chekundu kidogo, kitamu kidogo kwa ajili ya sukari iliyoganda chini, anampelekea msafiri aliyekaa bila kuagiza kitu. "Sikuletei chai," alikuwa anasema. "Nasuuza buli tu, na mtu akisuuza lazima amwage mahali. Namwagia kwenye kikombe chako." Hapakuwa na bei, kwa sababu hakuna anayeuza maji ya kuoshea chombo.

Watu wakaiita suuza. Jina likasafiri kuliko sisi. Manamba walilipeleka mkongeni, madereva wakalipeleka Songea. Ukiona mtu anashuka kwenye lori, amechoka, anasogea dirisha la jikoni na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna suuza?" ujue ameelekezwa.

Iliyotuharibia suuza ni sifa. Alikuja karani mmoja mgeni kutoka Dodoma, kijana mpole, amepigwa na baridi mpaka midomo imebadilika rangi. Mama Gaudensia akamhurumia, akampa suuza. Kijana akanywa, akapata uhai, na kwa sababu alikuwa na adabu akaenda moja kwa moja kwa mwenye hoteli kushukuru. "Mzee, nimezunguka nchi hii, lakini hiki kinywaji chenu kinachoitwa suuza sijakiona kwingine. Ni bei gani?" Mzee Mtewele hakuwahi kusikia neno hilo. Lakini alisikia neno bei.

Kesho yake ubao wa nje ulikuwa na mistari mitatu kwa chaki: chai ya maziwa, chai ya rangi, suuza. Kila mstari na senti zake.

Mama Gaudensia alisimama mbele ya ubao, mikono kiunoni. "Baba," akamwambia, "umetia bei maji ya kuoshea buli."

"Yanachemka kwa kuni zangu," akasema Mzee Mtewele.

"Basi weka na bei ya moshi. Nao unatoka kwenye kuni zako."

Mzee akautazama moshi kwa muda, na ninaamini kabisa alilifikiria.

Basi ilikuwa katika masika ya mwaka huo, suuza ikiwa na bei, ndipo alipofika Sezaria.

Alitembea kwa miguu kutoka Matembwe, mvua ikimpiga njia nzima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amefunga nauli yake kwenye pindo la kanga, na pindo hilo alilishika hata alipokuwa anaongea na mtu. Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Kamwene, mama. Karibu. Wenzako wanakuja?"

"Mwenzangu ndiye ninayemfuata," akasema.

Kwa maneno machache nikayajua mambo yake. Mume wake alikwenda mkongeni, upande wa Kilosa, kwa mkataba. Mtu wa kijiji chao aliporudi alileta habari kwamba yule bwana amelazwa hospitali ya huko, na siku moja ana akili zake, siku nyingine anaongea na watu wasiokuwepo. Sezaria akauza maharage yote, na mbegu pia, akapata nauli ya kwenda, si zaidi. Alitaka amkute akiwa bado anamtambua. Hilo tu ndilo alilotaka, aliniambia hivyo hivyo. "Kupona ni kwa Mungu. Mimi nataka anijue."

Na basi halikuwepo. Kivuko kidogo upande wa Iringa kilikuwa kimebebwa na maji, gari limekwama ng'ambo, na hakuna aliyejua litapita lini. Kila siku aliyokaa pale alilipia vitanda viwili. Alilalia kimoja, kile kingine kimetandikwa vizuri na mkono wangu mwenyewe, hakina mtu. Chai hakuagiza. Suuza nayo alipoona ubaoni ina bei, alisogeza kikombe mbali. Nilimwona akikinga maji ya mvua kwenye bati, anakunywa, anafuta midomo, anarudi kukaa anapoweza kuona barabara. Pindo la kanga lilikuwa linapungua unene.

Nilimwambia Mama Gaudensia, "Huyu mama, basi likifika atakuwa hana nauli." Nilisema huku nimekasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyetoa amri.

Alikuwa anamenya viazi, na alipofikiri alimenya nene, akipoteza nusu ya kiazi. Akasema, "Amri inataka ndugu. Ndugu hana. Lakini yupo mtu ambaye hata Mtewele hawezi kumwambia wewe si ndugu." Akaweka kisu chini. "Nenda kasimame pale lori la Songea linapopakulia. Usitafute mtu mwema, Yuditi. Watu wema wanaogopa amri. Tafuta Mngoni mwenye mdomo."

Ninyi wa siku hizi labda hamyajui haya, kwa hiyo niwakumbushe. Wangoni na sisi Wabena ni watani. Babu zetu walipigana, walipochoka kupigana wakaachia wajukuu utani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na wewe utacheka. Anaweza kuingia kwako akachukua anachokipenda. Na siku ya msiba wako, ndugu wote wakiwa wamekaa chini wameshika vichwa, mtani ndiye anayesimama kuchimba na kuzika, na kufanya vituko mpaka mfiwa apumue. Ukimkatalia mtani umejiaibisha mwenyewe na ukoo wako.

Nilikwenda nikasimama kwenye matope. Lori likafika, watu wakashuka, wengi wapole, wamechoka. Nilianza kukata tamaa. Halafu nikasikia sauti kutoka juu ya magunia inamwambia utingo, "Wewe, kuku wangu ashuke kwanza, mimi nina miguu." Nikajua nimempata.

Aliitwa Otilia. Mwanamke mnene, mchangamfu, na huyo kuku kwapani, anakwenda Iringa kumtembelea dada yake. Nilimweleza habari ya Sezaria tukiwa tunatembea, kwa haraka, sijui kama nilimaliza. Yeye aliuliza jambo moja tu. "Mwenye nyumba naye ni Mbena?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," akasema.

Aliingia hotelini bila kubisha hodi. Alikwenda mpaka alipokaa Sezaria, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akasema kwa sauti ya uwanja mzima, "Kumbe mtumwa wetu mmoja alibaki huku! Nani alikuruhusu ukae chini?"

Sezaria alishtuka, kisha nikaona uso wake unaelewa. Akasema polepole, "Nilikuwa nasubiri mnirudishie ng'ombe wa babu yangu."

"Tuliwala. Walikuwa wagumu." Otilia akaketi kando yake, akamkabidhi kuku. "Shika. Leo nalala na wewe."

Mzee Mtewele akaja, na koti lake, na amri yake. "Mama, hapa wanaolala pamoja ni ndugu."

"Na mimi nani? Jirani?" Otilia akasimama. "Huyu ni mtani wangu, na wewe pia ni mtani wangu, na hii nyumba imejengwa kwa udongo ambao babu yangu aliukanyaga. Kitanda cha pili kwenye chumba cha huyu ni changu, nitalipa bei ya kitanda kimoja. Unabisha?"

Uwanja ulikuwa umejaa madereva na abiria, wengi Wabena, wote wakimtazama Mzee atasema nini. "Na kuku?" akauliza hatimaye.

"Kuku ni Mngoni, halipi."

Watu wakacheka, na Mzee Mtewele mwenyewe nikaona sharubu zinacheza. Hapo Otilia akaona koti. Alilizunguka, akashika kifungo, akasema, "Hili koti ni la babu yangu. Mlimvua vitani." Akamvua begani, taratibu kama mke anavyomvua mume, akalivaa yeye. Mzee Mtewele, aliyelala na koti hilo Burma, ambaye sisi hatukuruhusiwa hata kulikung'uta, alibaki na shati. Kwa desturi kitu alichochukua mtani unakikomboa kwa zawadi ndogo. Alimpa sukari, akakataa. Alimpa mkungu wa ndizi, akaupokea na koti halikurudi. "Nitalileta nikipita tena," akasema.

Jioni ile niliwapelekea tofali la moto. Niliwasikia kutoka nje ya mlango, Otilia anaongea, Sezaria anajibu neno mojamoja, kisha maneno mawilimawili. Mama Gaudensia aliwapelekea suuza kwenye buli lililofunikwa kitambaa. Mzee Mtewele alipomwona akasema, "Hiyo iko ubaoni." Mama Gaudensia akasema, "Hii ni ya mtani. Nenda ukamdai mwenyewe." Hakwenda.

Basi lilifika siku ambayo tulikuwa tumeacha kulitazamia. Sezaria alikuwa na nauli yake. Niliiona, aliifungua pale kwenye dirisha la basi, akailipa, na lile pindo la kanga likaning'inia wazi. Otilia alipanda nyuma yake na koti la jeshi limemfika miguuni. Mzee Mtewele alisimama barabarani mpaka basi lilipopotea kwenye ukungu, na nilifikiri anamsindikiza Sezaria, lakini nadhani alikuwa anasindikiza koti.

Nitoke kidogo hapo, maana mnaweza kufikiri kazi yetu ilikuwa na mambo kama haya kila siku. Haikuwa hivyo. Siku nyingi ni kufagia. Ni kuzibua bomba la jikoni, kumpigia hodi mgeni anayekoroma basi likiondoka, kutafuta meno ya bandia ya mzee mmoja kwenye ndoo. Mtafanya kazi hii miezi bila mtu kuwashukuru. Mtapandisha bei, maana vitu vinapanda, na kuni zinanunuliwa kweli, siwaambii mgawe bure. Ninachowaambia ni kwamba mkiweka bei, angalieni inamwangukia nani. Anayekuja na kundi atacheka na wenzake na kulisahau. Yule aliyekaa pembeni, anayesoma ubao mara ya pili, huyo ndiye mmemwandikia. Nimesema hayo, narudi.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Nilikuwa mlangoni, lori la kutoka Iringa likasimama. Sezaria akashuka. Amenyoa nywele, amefunga kitambaa cheusi. Nilijua tayari. Lakini kazi ni kazi, na mdomo ulisema ulivyozoea. "Kamwene, mama. Karibu. Wenzako wanakuja?"

Aligeuka akalitazama lori. Na hapo, kutoka nyuma ya lori, nikasikia, "Mwenzake anakuja! Utingo huyu amekalia kiatu changu."

Otilia hakuwa ameshuka Iringa. Basi liliposimama Iringa alimtazama Sezaria, akasema, "Dada yangu anajua kujipikia," akabaki amekaa mpaka Kilosa. Alimtuma kuku kwa dada kupitia mtu wa sokoni.

Walikaa jikoni kwetu, na Sezaria akatuambia mwenyewe, kwa utulivu. Alimkuta. Mumewe alimjua. Alimwita kwa jina la utotoni, akamuuliza kama ile mianzi ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa ulanzi wa kunywa. Alikuwa anatetemeka kwa baridi katika nchi ya joto, mpaka kitanda kinalia, na mablanketi ya pale hayakumtosha. Otilia akavua koti akamfunika. Chai ya kununua ilikuwa ghali, kwa hiyo Sezaria aliomba majani yaliyotumika kwa wapishi, akayatia maji ya moto, akamnywesha kwa kijiko. "Akaniuliza, hii chai gani. Nikamwambia, hii ni suuza, ya Makambako. Akasema, naijua hiyo." Sezaria akaliviringisha pindo la kanga kwenye kidole. "Tulikaa naye siku kadhaa akiwa na akili zake zote. Tuliongea yote. Kisha akalala."

Huko hakukuwa na ukoo. Otilia ndiye aliyemwosha akisaidiana na wanaume wa kambi, yeye ndiye aliyesimamia kaburi. Lilipokwisha kuchimbwa aliingia ndani akajilaza, akasema, "Hapa pananitosha mimi, huyu mtafutieni kwingine," mpaka manamba wakalazimika kumtoa kwa kumvuta mikono, na Sezaria, pale kwenye lundo la udongo, akaweza kupumua.

Tulikuwa tumekaa hivyo, Mama Gaudensia anafuta macho kwa kanga bila kujificha, mimi pia, wakati Mzee Mtewele aliposimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati. Hakujua lolote. Aliwasalimia wote kwa adabu, akamwona Otilia, akamtazama mabegani, akamtazama mikononi.

"Mtani," akasema, "koti langu liko wapi?"

Otilia hakuinua hata kichwa. "Koti lako limepata kazi Kilosa," akasema. "Limewekewa mkataba mrefu. Halirudi."

Mzee Mtewele aliangalia kitambaa cheusi cha Sezaria, akaelewa limezikwa na nani, kisha akaangalia chini. Sezaria aliziba mdomo kwa kiganja, na nilifikiri analia, lakini alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, ndipo kilio kikaja ndani ya kicheko, na Otilia akamvutia kifuani.

Mzee Mtewele alisubiri. Alikuwa mtu wa jeshi, alijua kusubiri. Kilio kilipotulia akauliza kwa sauti ya chini, "Na huko alikolala, yuko peke yake?"

"Peke yake," akasema Otilia.

"Basi yeye ndiye mgeni wangu wa kwanza kulala peke yake nisimtoze kitanda cha pili," akasema Mzee Mtewele. "Na baada yake, sitamtoza mtu."

Akapita katikati yetu, akachukua birika, akaliweka motoni mwenyewe, na Mama Gaudensia akampisha.